Karatasi ya Shamba la Mkunya

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita hapa Masasi, na naona aibu kuandika habari hii. Ila nitaiandika, maana mficha uchi hazai.

Mama yangu, Dominika, anakaanga korosho. Ana mkono wake wa chumvi na moto ambao sijauona kwa mtu mwingine, na pakiti zetu zimeandikwa Korosho za Bibi Dominika. Mwaka jana Oliva wa Newala, mwanamke mchapakazi, aliomba kufungua tawi kule kwao juu mlimani: atumie jina letu, Mama amfundishe kazi, naye atupe fungu letu kila msimu. Tukakubali.

Anthony, niliyemfundisha darasa la tatu na sasa ni wakili, aliposikia akanifuata nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu. Mkataba wa kumwazima mtu jina la biashara una mambo yake. Niachie niuandike."

"Marahaba. Nani alikufundisha kushika kalamu?"

Akacheka kwa adabu, akaenda zake. Nilijiona mshindi kweli.

Nikafungua sanduku la marehemu baba, nikatoa karatasi aliyonunulia shamba kule Mkunya. Ina mwandiko mzuri, ina mashahidi, ina muhuri. Nikainakili. Palipoandikwa "muuzaji" nikaandika "mwenye jina". Palipoandikwa "mikorosho arobaini" nikaandika "jina na ufundi". Sentensi ya mwisho niliipenda kwa uzito wake, nikaiacha kama ilivyo: "Tangu leo, mimi na watoto wangu na wajukuu wangu hatuna tena madai." Nilidhani inazuia ugomvi.

Siku ya kutia saini niliisoma nimesimama, kwa sauti ya kusomea somo kanisani. Nilipofika mwisho Mama akakohoa.

"Binti yangu, hapo..."

"Subiri, Mama, nimalize."

Wageni wakapiga makofi. Nikatia saini kwa niaba yake, yeye nikamwekesha dole kama shahidi.

Mwezi uliopita Oliva akashuka Masasi. Alinisalimu vizuri, akala chakula changu, ndipo akasema amepata mnunuzi mkubwa anayetaka jina liwe la mtu mmoja.

"Kwa hiyo naomba mbadilishe pakiti zenu, Mwalimu. Karatasi uliyoandika inasema jina ni langu."

Wala hakuwa na ubaya. Alisoma kilichoandikwa, kama nilivyofundisha watoto wa watu kusoma.

Nikaenda kwa Anthony na karatasi yangu. Aliisoma mara mbili. Angecheka ingekuwa nafuu, lakini hakucheka.

"Mwalimu, huu ni mkataba wa kuuza shamba. Hata fungu lenu la kila msimu halimo. Umeuza jina."

Nilitazama sakafu ya ofisi yake kama mtoto aliyekosa hesabu ubaoni.

"Mlango mmoja upo," akasema. "Mwenye jina ni Bibi, naye aliweka dole kama shahidi tu. Akimwambia Oliva kwamba alielewa mnamwazima, nadhani tutasikilizana. Muulize alielewa nini."

Nilimkuta Mama jikoni akichambua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikumbuki nilifanya lini mara ya mwisho, nikamweleza yote.

"Mama, siku ile ulielewa tunamwazima Oliva jina, si ndiyo?"

Aliinua macho kutoka kwenye korosho.

"Nilielewa tunauza. Maneno yale nayajua, nilikuwepo baba yako aliponunua shamba. Nilitaka kukuuliza, ukaniambia nisubiri."

"Na baadaye, Mama? Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye msomi. Nikajua umeshaamua kuliuza." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Sasa unataka nikaseme vingine mbele ya Oliva?"

Mama hajawahi kusema uongo, na sikutaka aanze kwa ajili yangu.

"Hapana, Mama."

Akarudi kwenye korosho zake. Mimi nilibaki pale chini nikihesabu miezi. Mwaka mzima aliamini kwamba binti yake ameuza jina lake bila kumuuliza, na kila asubuhi alinichemshia chai kabla sijaenda shule.