Breki Mpya za Bwana Mluzi

Jumatatu saa mbili asubuhi, Kahiga alilipandisha gari la Bwana Mluzi kwenye jeki, akafungua magurudumu yote manne, akayalaza kando ya ukuta. Lilikuwa gari dogo la viti viwili, la kijani, la wapenda mbio. Kwa miaka minane lilikuwa limesimamishwa kwa breki za dramu kama gari lingine lolote. Sasa mwenyewe alitaka breki za diski, zile zilizokuwa zimeanza kufungwa kwenye magari ya mashindano huko Uingereza. Zilikuwa zimefika gereji ya Shariff, mjini Nakuru, ndani ya sanduku la mbao lililopanda meli na gari moshi.

Bwana Mluzi alikuwa setla wa ngano kule Njoro. Alikuwa na jina lake la kizungu, lakini wafanyakazi walimwita hivyo kwa sababu hakushika usukani bila kupiga mluzi. Wiki kumi na moja zilizopita alikuwa akipiga mluzi alipomgonga Wariara, mke wa Kahiga, aliyekuwa akirudi na kikapu cha viazi. Korti ilikaa nusu saa. Ikaamua kwamba breki zilikataa kushika, kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa. Ikaongeza kwamba pasi ya marehemu, kile kibali cha Mwafrika kutembea, ilimruhusu kuwa barabarani mpaka saa sita, naye aligongwa saa saba. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya breki mpya.

Mafundi wenzake walitaka kumpokea kazi hiyo. Kahiga alikataa. Alitaka kuziona kwa macho yake breki zilizomuua mke wake.

Akavua dramu ya kwanza, akapangusa vumbi. Laining, ule utando unaobana dramu, ilikuwa nene, haijaisha hata nusu. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa, na bomba halikuvuja popote. Akavua dramu ya pili, ya tatu na ya nne, akarudia tena kutoka mwanzo, kama mama anayehesabu watoto mara ya pili. Breki zote zilikuwa nzima. Kahiga aliketi sakafuni akalia kwa uchungu, bila kujificha. Kisha akainuka akaendelea, maana gari lilitakiwa Jumatano.

Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine analala chini na spana. Jumanne alasiri Nderitu, mwenzake wa siku zote, alikuwa amekwenda kugongewa muhuri wa pasi. Wariara akaingia kwa mlango wa mbele akiwa na gauni lile alilozikwa nalo, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha dereva. Shariff, mwenye gereji, aliyekuwa akinywa chai, alimwamkia na kumwomba asichafue kiti.

"Kanyaga, Mama Mugure," Kahiga akasema kutoka chini.

Akakanyaga.

"Shikilia. Haya, achia. Kanyaga tena."

Alikuwa mkanyagaji mzuri kuliko Nderitu, hana papara. Walipomaliza gurudumu la mwisho akauliza, "Baba Mugure, kwani zile za zamani zilikuwa mbovu?"

Kahiga hakuwahi kumdanganya akiwa hai, wala hakuona sababu ya kuanza sasa.

"Zilikuwa nzima."

"Basi hakukanyaga."

"Hakukanyaga."

Wariara akavaa viatu vyake, akamuaga Shariff, akarudi makaburini kabla ya mvua.

Kesho yake asubuhi Kahiga alizifunga laining katika gazeti, akazipeleka kituo cha polisi. Inspekta alizigeuzageuza mkononi, akakubali kwamba hazikuwa na kasoro. Akasema pia kwamba faili imefungwa. Palikuwa na upepo siku hiyo, kwa hiyo akaziweka juu ya karatasi zake zisipeperuke, akamshukuru Kahiga kwa kuja.

"Mwanangu," Shariff alimwambia aliporudi, "wazee walisema, mwenye nguvu mpishe."

"Mimi nampisha kila siku, mzee. Wariara hakupewa nafasi ya kumpisha."

Shariff akachukua birika. Akammiminia chai.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake: fundi aliyefunga breki hupanda gari siku ya majaribio, ili kama amekosea, aumie na yeye. Kwa hiyo Jumatano alasiri Kahiga aliketi bega kwa bega na mtu aliyemuua mke wake, mikono magotini, wakashika njia ya Njoro. Bwana Mluzi alipiga mluzi, gari likashika mbio. Walipofika penye daraja dogo, pale Wariara alipogongwa, pedali ya breki ikazama yenyewe mpaka chini, na mguu wa dereva ungali kwenye mafuta. Gari likasimama papo hapo, bila kuyumba. Wariara akatoka kwenye nyasi na kikapu chake, akavuka polepole. Alipofika ng'ambo, pedali ikainuka.

Bwana Mluzi alikuwa akitazama mshale wa mwendo.

"Breki mzuri sana," akasema. "Nasimama kabla mimi nakanyaga."

Tangu siku hiyo gari lilisimama pale pale, kwenda na kurudi. Bwana Mluzi alizoea, akawa anatoka nyumbani dakika tano mapema. Wanawake wa karibu nao walizoea, wakaanza kumuuzia karoti dirishani. Masetla wawili waliandika barua kwa Shariff wakitaka breki za aina hiyo. Kutoka kortini hakukuja kitu, na kwenye cheti cha kifo cha Wariara sababu ilibaki vile vile: breki kukataa kushika.

Jumapili moja Kahiga alikwenda kwa miguu mpaka pale darajani. Alimkuta mkewe ameketi kwenye nyasi, akingoja gari la saa tisa. Akaketi karibu naye. Walizungumza juu ya Mugure, kwamba ameota meno ya mbele. Halafu Kahiga akauliza lile lililomleta.

"Na huyu bwana, siku hizi unapovuka, huwa anakuangalia?"

Wariara alihamisha kikapu kwenye mkono wa pili, maana mluzi ulikuwa umeanza kusikika.

"Hapana, Baba Mugure. Hupiga honi, nimpishe."