Angustias wa Mapokezi

Daktari Baltasar Quero aliweka beji mpya mezani kabla Angustias hajavua hata koti. Nyeupe, ya plastiki, imeandikwa TINA.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Mimi siitwi Tina, daktari."

"Najua unavyoitwa. Ndiyo shida yenyewe." Akashusha sauti, maana mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshaingia. "Mtu jino limemkosesha usingizi, anapiga simu kliniki, anaambiwa anaongea na Angustias. Maana yake dhiki! Uchungu wa moyo! Wewe ungekuja? Kule ng'ambo ya barabara wamefungua kliniki mpya, na binti wa mapokezi anaitwa Vega, kama nyota. Sitaki kusikia tena jina lako humu ndani. Ni biashara tu, usinune."

Angustias hakununa. Aliitupa beji kwenye droo akaendelea na kazi, ila masikio yalimwaka moto asubuhi nzima.

Maneno hayo hayakuwa mageni kwake. Shuleni alikaa katikati ya akina Lucía, Paula na Alba, yeye peke yake na jina la bibi kizee. "Angustias huyo, haya, lieni!" watoto walikuwa wakimwimbia. Alipofika miaka kumi na miwili alirudi nyumbani amevimba macho, akamwambia bibi yake, aliyempa jina lake mwenyewe, kwamba anataka lifutwe.

Bibi alikuwa anamenya maharage mabichi, wala hakuacha. "Darasani kwetu tulikuwa saba," alisema. "Mtawa aliyetufundisha akiita Angustias, benchi zima linasimama. Mji huu wa Granada kila nyumba ilikuwa na Angustias wake."

"Sasa niko peke yangu, bibi."

"Kwa sababu watu wameingiwa na woga. Wanataka majina ya nyota na ya maua, kana kwamba mtoto akiitwa Ua hatafiwa. Unamjua mwenye jina hili? Yule Mama wa Mungu kwenye sanamu ya kanisani, mwanawe amelala mapajani, maiti. Wanaume wote walishatimua mbio. Yeye kakaa pale pale. Hilo si jina la kulia, mjukuu wangu. Ni jina la kubaki."

Maneno mazuri, lakini hayakumsaidia kwenye uwanja wa shule. Sekondari alijiita Any, na Any akabaki mpaka Februari ile bibi alipofariki. Mazishini mtu mmoja aliita "Angustias!" akimtafuta mwenye funguo, na watu wote wakainamisha vichwa wakidhani anamlilia marehemu. Hakuna aliyegeuka kuitika. Any akasimama hapo na funguo mkononi, kisha akasema, "Nipo." Tangu siku hiyo hakuitikia jina jingine.

Na sasa aitwe Tina.

Mchana akafungua orodha ya wagonjwa. Angustias Rueda, aliyeuza samaki sokoni miaka arobaini. Angustias Maldonado. Angustias Cuenca. Wote walikuwa tisa, na hakuna aliyepungua miaka sitini. Kila mmoja alikuwa bado hajafanyiwa uchunguzi wa mwaka. Akawapangia wote Alhamisi, saa nne asubuhi, kisha akampigia Bi Rueda na kumweleza yaliyotokea.

Bi Rueda alicheka kwanza. Halafu akakaza sauti. "Amesema jina langu linatisha? Yule mng'oa meno? Wengine niachie mimi, mwanangu."

Alhamisi viti havikutosha. Mbali na wale tisa, alikuwepo mwanamume mmoja aliyevimba shavu, amejibana kwenye kona. Angustias akasimama mlangoni, faili mkononi, akavuta pumzi na kuita kwa sauti yake yote: "Angustias!"

Wanawake tisa wakainuka kwa pamoja na mikoba na mikongojo yao.

Daktari akatoka mbio, glavu mkononi. "Kuna nini hapa?"

"Tumeitwa," akasema Bi Rueda.

"Ameitwa nani?"

"Angustias."

"Yupi?"

"Chagua mwenyewe. Tumesikia tunafukuza wateja, tukaja uone tunavyotisha. Miaka thelathini unaniingiza vidole mdomoni, Baltasar, leo ndiyo umeniogopa?"

Mwenye shavu alicheka, akajishika taya na kuguna. Daktari akafungua mdomo, lakini Bi Cuenca, mkongwe kuliko wote, aliyekuwa ameegemea kigari chake cha kutembelea, akamwahi.

"Mama yako aliitwa nani?"

Daktari akatazama mlango wa chumba chake.

"Nilisoma naye. Waambie."

"Dolores," akasema daktari kwa sauti ya chini.

"Yaani Maumivu!" Bi Rueda akapiga makofi. "Amezaliwa na Maumivu, amekuwa daktari wa meno, halafu jina la binti wa watu ndilo linalomharibia biashara!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Daktari aliwaka uso kama nyanya, akarudi ndani, na kazi ikaendelea, Angustias mmoja baada ya mwingine.

Saa nane, walipofunga, daktari alimwita. "Umenidhalilisha mbele ya wagonjwa wangu."

"Ndiyo," akasema Angustias.

"Naweza kukufukuza."

"Unaweza. Barua iandike kwa jina langu kamili."

Daktari akaketi. "Mama alijiita Loli maisha yake yote. Hilo jingine hakulipenda."

"Alichagua mwenyewe, daktari. Hakuandikiwa na bosi."

Daktari akainuka. Alichukua koti lake, akasema kesho waanze saa tatu, akatoka. Hakuomba radhi, wala Angustias hakuwa akiingoja.

Nje, wale wanawake walikuwa wamejaa kwenye baa ya pembeni wakibishana nani kazaliwa mwanzo. Walimsogezea kiti na sahani ya zeituni.

"Na wewe ukipata binti," akauliza Bi Cuenca, "utampa jina letu?"

"Nitampa."

"Watamcheka shuleni."

"Watamcheka."

"Akilikataa, je?"

Angustias akatema kokwa mkononi. "Alikatae akiwa mkubwa, kwa mdomo wake. Lakini kwanza atalipata."

Bi Rueda akamwita mhudumu amletee msichana wa mapokezi divai.