Mteja wa Chemchemi

Siku ya tatu ya mafunzo, mkufunzi aliwaambia washiriki wakae wawili wawili. "Mmoja anauza, mwenzake ananunua. Mmekuja kuokoa mazingira kibiashara, kwa hiyo hapa hatuuzi huruma. Uza faida."

Mama Miche, mwenye kitalu cha miti, aligeuka akakuta mwenzake ni shemeji yake, mchoma matofali waliyezoea kumwita Bosi. Mazingira hayakumhusu ndewe wala sikio. Alifuata chakula cha mchana na cheti cha kutundika ofisini. Jumatatu mashoka yake yangeingia kwenye miti iliyo juu ya chemchemi. Wiki mbili nzima Mama Miche alikuwa amembembeleza, akalia mpaka kamasi, akajibiwa kwamba machozi hayachomi matofali.

"Haya shemeji, niuzie," Bosi alisema, akiegemea kiti kama tajiri.

"Udongo wako unaukanda kwa maji gani?"

"Ya chemchemi. Si unajua?"

"Na yule mwenzako wa nyuma ya kilima, alipokata miti yake?"

"Chemchemi ilikauka. Siku hizi ananunua maji ya gari."

"Tofali lake linauzwaje?"

Bosi akatoa simu, akabonyeza hesabu, akafuta, akabonyeza tena. Kijasho kikamtoka puani.

"Kuni nitapata wapi sasa?"

"Chomea pumba za mpunga. Kwenye kinu cha kukoboa wanamlipa mtu azitupe."

"Na wewe unakula wapi?"

"Kila ukichoma tanuru, unanunua kwangu miche hamsini, tunaipanda kule juu. Bure sikupi, mimi si mama yako."

Bosi alicheka, akatia sahihi kwa madaha fomu ya zoezi yenye mapatano hayo. Mkufunzi alipopita kukusanya fomu, ya kwao ilikuwa imeshakunjwa na kuzama kifuani mwa Mama Miche.

"Mama, hizo ni za mazoezi tu."

"Za wenzangu."

"Shemeji, tulikuwa tunaigiza," Bosi alisema.

"Mwigizaji gani anatoka jasho? Waonyeshe simu yako imejibu nini, nami nitairudisha fomu."

Darasa zima likamgeukia. Bosi akaitazama simu, akaitia mfukoni.

Jumatatu mashoka hayakuonekana. Alikuja Bosi mwenyewe na toroli, akakagua mche mmoja mmoja kama anayechagua mchumba, kisha akaomba apunguziwe, yeye si mtu wa nyumbani?

"Ulikuwepo darasani," Mama Miche alisema, akimpakilia. "Huruma hatuuzi."