Alikusindikiza Mpaka Wapi?

Kule Quionga, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, habari mbaya haisemwi kwa simu. Mtu anaweza kuwa na maiti ndani, ukampigia, akakujibu kwamba hapa wazima, habari njema, nyie je? Ndiyo maana wanawake wa kule hawaiamini simu, na ndiyo maana Buanali alipopata safari ya kikazi kwenda Maputo, mama yake, Bi Zuleica, hakumwagiza kanga wala manukato. Alimwagiza macho.

"Kamtazame kaka yako," alimwambia huku akimfungia pweza mkavu kwenye kikapu cha ukindu. "Usimuulize kitu. Mtazame tu, urudi unambie ulivyomwona. Si macho ndiyo kazi yako?"

Kweli, kazi ya Buanali ni macho. Ni mpimaji wa malaria katika kituo cha afya, kutwa kaiinamia hadubini. Na kaka aliyetumwa kumtazama ni Jamaldine, mwana wa kwanza wa Bi Zuleica, aliyekimbia vita pamoja na mkewe na wanawe akaenda kuangukia Maputo, akajishikiza kwenye kazi za ujenzi. Tangu hapo hawakuonana tena, ni simu tu. Na kwenye simu Jamaldine ni mzima siku zote. Afya tele, kazi ipo, watoto wanasoma. Ungedhani Maputo hakuna hata mafua.

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili. Jioni ya siku ya kwanza, Buanali alimpigia kaka yake akamwambia atakwenda kesho mchana wakishamaliza.

"Karibu sana, mdogo wangu," alisema Jamaldine. "Sisi hapa wazima. Ila kama kazi zimekuzidi, usijisumbue."

Sasa, mtu wa pwani akikwambia usijisumbue, ujue ameshabandika maji motoni. Buanali alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini neno lile alilipokea kama mtu anayepewa ruhusa, akaliweka akiba.

Kesho yake mafunzo yakaisha mapema. Virgílio, mpimaji mwenzake kutoka Nampula, alikuwa ameshavaa miwani ya jua hata kabla vyeti havijatolewa. Yolanda, mwenyeji wao wa Maputo, alikuwa na gari na alikuwa na hamu ya kuuonyesha mji wake. "Vamos!" akasema, na Buanali akapanda. Alijiambia kwa kaka atakwenda jioni. Hakuna aliyemuuliza, lakini alijiambia hivyo mara mbili.

Macho hayana pazia, na siku ile ya Buanali yalishiba. Aliiona stesheni ya reli na kuba lake la kijani, akasimama chini yake kinywa wazi. Aliiona ngome ya kale na mizinga yake. Kwenye jumba la makumbusho aliwaona ndovu ambao hawakuzaliwa, waliotolewa matumboni mwa mama zao, wamepangwa kuanzia yule mdogo wa kutosha kiganjani mpaka yule aliyekaribia siku zake, akawatazama mpaka Virgílio akamvuta shati. Mwisho wakapanda lile daraja kubwa la Katembe, wakavuka ng'ambo wakala kamba wa kukaanga, wakaupiga picha mji wote uliosimama upande wa pili wa maji.

Na tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakuusema. Muda alikuwa nao. Alichokikosa ni moyo. Aliogopa atamkuta kaka yake kwenye chumba kimoja chenye bati linalovuja, na watoto wamekonda. Alitaka walau siku moja awe mtu asiye na ndugu wenye shida. Hilo si jambo geni duniani, ila lilimjia siku mbaya.

Wakati wa kurudi daraja lilikuwa na foleni isiyosogea. Kufika mjini giza limeingia, Yolanda akasema mtaa anaokaa Jamaldine hauendeki usiku kwa mtu asiyeijua nyumba. Ndege ilikuwa ya alfajiri. Buanali akaandika ujumbe: "Kaka, nisamehe, kazi imenibana."

Jibu likaja: "Hakuna neno. Sisi wazima. Safari njema."

Kazi ilikuwa imembana kweli, maana tangu mchana alikuwa amezitundika picha zake kwenye WhatsApp, watu wote wazione. Kwenye mojawapo kazi imembana juu ya daraja, kainua vidole viwili, kakenua meno. Yule pweza naye alikuwa amekijaza chumba cha hoteli harufu. Alfajiri Buanali alimpa mlinzi wa mlangoni, ambaye alikifungua kikapu, akachungulia, akakifunga tena.

Njia nzima ya kurudi, kwenye ndege na kwenye gari, alikuwa akipanga jinsi ya kumwambia mama ukweli. Alipoingia uani, Bi Zuleica hakumpa hata maji.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

Likatoka hivyo, jepesi, na likishatoka halirudi.

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Anakusalimu sana. Pweza wako mkewe alimpika kwa nazi."

Bi Zuleica akakaa mkekani, akajifunika vizuri miguu. "Na ulipoondoka, alikusindikiza mpaka wapi?"

Kwao mapenzi hupimwa hapo. Anayekuaga mlangoni amekuchoka. Anayekufikisha mwisho wa ua amefanya adabu. Anayekutoa mpaka barabarani, kila ukimwambia rudi hasikii, huyo ndiye ndugu. Buanali alitaka kumfurahisha mama yake, akachagua mbali kabisa.

"Mpaka barabara kuu, mama. Kwa miguu. Tukienda taratibu tukizungumza. Nikamwambia kaka, rudi, umechoka, akakataa. Akasimama pale mpaka nikapata gari."

Bi Zuleica alijiziba uso kwa upindo wa kanga, mabega yakatikisika. Buanali akadhani ni hamu ya mwanawe. Alipouinua uso, ulikuwa unacheka na kulia.

"Mpwa wangu Nazira aliporudi kutoka Maputo mwezi uliopita, aliniambia Jamaldine aliangukiwa na ukuta kazini. Akasema wamemkata mguu. Nimelala na neno hilo peke yangu, mwanangu. Hata wewe sikukwambia, nisikutie hofu machoni, nilitaka ukamwone vile alivyo. Kumbe uzushi! Mpaka barabara kuu! Alhamdulillah!"

Akainuka kama msichana. Akamwita jirani kwa sauti alete sinia kubwa. Akatoa mchele, akatuma waitwe mwalimu wa madrasa na watoto wa chuoni waje wale, wasome dua ya shukrani.  Buanali akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye minazi, akapiga simu.

"Kaka. Mguu wako."

Kwa mara ya kwanza Jamaldine hakusema mzima. Aliuliza, "Mama anajua?"

Buanali akamweleza yote, kamba, daraja, mlinzi wa hoteli, uongo. Hakujipunguzia.

"Alikuuliza nilikusindikiza mpaka wapi?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Mpaka barabara kuu. Kwa miguu."

Jamaldine akacheka kidogo, kicheko kisicho na hasira, na hicho kilimuuma Buanali kuliko tusi. "Umenitembeza mbali, mdogo wangu. Mimi tangu nikatwe, mbali nilikofika ni mlangoni, siku ile uliyosema utakuja. Walinibeba wakanikalisha kitini, wakanitandazia shuka mapajani ili ukiingia usishtuke. Nikakaa. Mpaka ilipotoka ile picha ya daraja, ndipo nikawaambia wanirudishe ndani."

"Nisamehe, kaka."

"Limekaa vizuri lile daraja. Mimi sijalivuka."

Buanali alilia, wala hakujificha. Akasema atarudi sasa hivi kwa mama amwambie kweli.

"Utamwambia. Anafanya nini sasa?"

"Sadaka. Ameita watoto wa chuoni."

"Kwa ajili ya mguu?"

"Kwa ajili ya mguu."

Jamaldine akavuta pumzi. "Basi leo mwache ale na watu. Kesho utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, usiniachie mimi kwenye simu."

Kutoka uani Bi Zuleica alikuwa anaita, "Buanali! Njoo, baba, dua inaanza!"

Akajifuta uso kwa shati, akaenda. Walikuwa wamemwekea nafasi karibu na mama yake. Mwalimu akaomba rehema, akaombea amani, kisha akamwomba Mungu aitie nguvu miguu miwili ya Jamaldine imrudishe nyumbani. Bi Zuleica aliitikia kwa sauti kuliko wote. Buanali aliinua mikono, naye akasema amina.