Jicho la Mama Lilipotua

Nayyara alikuwa ametazamwa mara kumi na nne. Hapa Multan, mji wa Pakistan, kutazamwa ni shughuli yenye utaratibu wake. Mshenga huleta wageni, mama wa kijana na dada zake wawili watatu, wakakaa sebuleni chini ya panka na kujifanya wamepita kusalimia tu. Binti huingia na sinia la chai. Wapo wanaoomba kwanza maji, kisha chai, kisha sukari zaidi, ili aende na kurudi wamwone anavyotembea. Mmoja alimwomba Nayyara amsomee tarehe ya gazeti, kumbe anampima macho. Mwingine alimkumbatia wakati wa kuaga, akamkumbatia kama fundi cherehani anayechukua vipimo. Wote walimaliza kwa maneno yale yale, kwamba watapiga simu. Nyani haoni kundule: yule wa gazeti mwenyewe alikuwa na makengeza.

Umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa na shahada mbili za saikolojia, sauti nzuri, na baka jeupe upande wa kushoto wa shingo, ukubwa wa jani la mnanaa. Baka lilitokea alipokuwa na miaka kumi na miwili na halikumuuma hata siku moja. Kila walipokuja wageni, mama yake, Bi Sughra, alimvuta mtandio kushoto na kuubana kwa pini ndani ya kola, kisha akarudi nyuma hatua mbili kumkagua. Wageni wakishaondoka alikusanya vikombe, akaja kuketi ukingoni mwa kitanda cha bintiye na kumshika kidevu. "Hao hawakukuona, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye ninayekuona."

Maneno hayo ndiyo yaliyomshikilia Nayyara mara zote kumi na nne. Alijiambia kwamba hata dunia nzima ikimpima kama kitambaa dukani, yapo macho mawili yanayomwona yeye. Si kitu kidogo hicho. Wako watu wanaoishi mpaka wanazikwa bila kuwa nacho.

Kazi yake ilikuwa chuoni, msaidizi wa Daktari Ishrat, mwanamke mfupi mwenye mvi na ulimi usio na subira, aliyekuwa akichunguza jinsi wanawake wanavyotazamwa mpaka wakageuka vitu. Utafiti mwingi wa namna hiyo uliwahusu wanaume, na Daktari hakuwa na ugomvi nao. Macho hayana pazia, alisema, na ya mwanamume ndiyo kabisa. Ila alikuwa amekaa kwenye sebule nyingi za chai, akataka kujua akina mama wenye wana wa kuoa wanatazama nini wanapomtazama msichana. Chuo kilikuwa na kifaa chembamba kinachokaa chini ya skrini na kufuata mboni za mtu. Unamwonyesha picha kwa sekunde kumi, nacho kinaandika jicho lilitua wapi na likakaa kwa muda gani. Mwisho picha inatoka na madoa: jekundu pale jicho lilipong'ang'ania, manjano pale lilipopita, na penginepo pakavu.

Zilihitajika picha ishirini na nne za wanawake waliosimama, uso hadi miguu. Kuzipata ilikuwa tabu, maana baba gani wa hapa atakubali picha ya binti yake itazamwe na watu wasiojulikana kwa jina la elimu? Zilipopatikana ishirini na tatu, Nayyara aliitoa yake. Alipigwa mbele ya ukuta mweupe, mtandio wa kijani begani, shingo wazi, kwa sababu Daktari alitaka shingo zote ziwe wazi.

Walihitaji akina mama arobaini. Joto la Juni lilipopamba moto wakabaki thelathini na wanane, wengine wakipiga simu kusema hawawezi kutoka nje kabla ya magharibi. Nayyara akamleta mama yake, ambaye mwanawe wa kiume, kaka yake Nayyara, alikuwa bado hajaoa, kwa hiyo sifa alikuwa nazo. Baadaye alimwambia Daktari kwamba alisahau kuwa picha yake imo. Mimi siamini. Nadhani alitaka kuona, kwa mashine ya watu wenye elimu, kile alichokuwa akiambiwa ukingoni mwa kitanda.

Bi Sughra alitia sahihi kwa mwandiko wake wa taratibu, akakaa, akatazama picha zote ishirini na nne bila kukohoa. Alipotoka alisema kiti ni kigumu, na kwamba yule aliyempiga picha Nayyara angemgeuza kidogo upande. Nayyara alicheka, akamsindikiza hadi kwenye bajaji.

Daktari Ishrat aliposikia alikasirika. Anayemfahamu mtu yeyote katika picha hawezi kuhesabiwa, kanuni hiyo Nayyara mwenyewe ndiye aliyeichapa. Akaambiwa afute majibu ya mama yake yote na atafute mama mwingine. Hakuambiwa ayafungue kwanza. Aliyafungua, Jumanne saa nne asubuhi, panka likizunguka juu yake na wanafunzi wakibishana ukumbini.

Doa jekundu lilikuwa shingoni, upande wa kushoto. La pili lilikuwa kiunoni, la tatu nyongani, kisha jicho lilikuwa limerudi shingoni na kukaa. Usoni palikuwa pakavu. Alisoma namba pembeni: uso, chini ya nusu sekunde. Alifungua picha ya msichana mwingine, mgeni kabisa kwa mama yake, akakuta Bi Sughra ameutazama uso wake karibu sekunde tatu. Alifungua majibu ya akina mama wengine kwenye picha yake mwenyewe. Yalifanana na ya mama yake kama vikombe vya seti moja, ila wao shingoni hawakukaa muda mrefu hivyo.

Siku ile hakula. Alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba barua alizotunza miaka yote hazikuandikwa kwake. Alipofika nyumbani mama yake alimuuliza kama kichwa kinamuuma, akajibu ndiyo.

Wageni wa kumi na tano walikuwa waje Ijumaa baada ya sala, kutoka Bahawalpur. Alhamisi mchana Bi Sughra alikuwa jikoni akikunja sambusa, na Nayyara amekaa naye akimenya viazi. Mama akasema Ijumaa avae ile nguo ya samawati, ina kola ndefu. Nayyara akaweka kisu chini.

"Mama, ile picha yangu kule chuoni, ulitazama nini?"

"Nilikutazama wewe. Ningetazama nini?"

"Ulitazama shingo. Halafu kiuno, halafu ukarudi shingoni. Uso wangu hukuukalia hata nusu sekunde."

"Hiyo mashine inajua nini? Imekuzaa hiyo?" Bi Sughra aliendelea kukunja. "Umeme wenyewe hukatika mara sita kwa siku, leo utaniambia yaliyomo machoni mwangu."

Nayyara alitoa simu, ambayo aliipigia picha ile skrini, akamwonyesha. Mama alijifuta unga kwenye mtandio, akavaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Hakuuliza madoa ni nini. Mafuta yalianza kutoa moshi na hakuna aliyeyageukia, hadi Nayyara alipoinuka kuzima jiko.

"Baka lilipotokea," Bi Sughra alisema, "bibi yako aliniita uani. Akaniambia, Sughra, kuanzia leo mtazame huyu kama watakavyomtazama wao, uwahi kabla yao. Basi nikaanza. Kila asubuhi ukitoka kuoga nakutazama kama mama wa mtu mwingine. Natafuta watakachokiona, nikifiche kabla hawajafika. Nilijua ni kazi ya muda tu. Nikadhani ukishaolewa nitarudi kukutazama kwa macho yangu."

"Miaka ishirini, mama."

"Ndiyo, ishirini."

"Na hayo macho yako yako wapi sasa?"

"Sijui, mwanangu. Sijui yalikokwenda."

Nayyara alikuwa ameandaa hasira yake siku mbili, imekolea kabisa, na sasa hakuwa na pa kuimwaga. Alitamani mama yake abishe. Angebisha, angemwita mwongo, na wangelia kama watu wengine wanavyolia. Lakini mbele yake alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye unga puani, ambaye mama mkwe alimfungua mdomo kuhesabu meno yake siku ya kumposa, na habari hiyo alikuwa akiisimulia kwenye harusi kama kichekesho. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hawasemi ufanyeje ikiwa nguo ni hiyo moja.

Ndipo Bi Sughra alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata mimi. Alichukua simu yake mwenyewe, akampigia mshenga, Bi Bilqis, na kumwambia wageni wa Ijumaa wasije. Bi Bilqis ana sauti ya kusikika hadi kwa jirani, na Nayyara alisikia kila neno. Alisema watu wa Bahawalpur wameshakodi gari, kijana ni mhandisi, aibu hii itamfuata yeye mitaa yote. Akamalizia kwa kuuliza kama Bi Sughra anadhani ipo foleni ya wachumba mlangoni kwake.

"Hakuna foleni," Bi Sughra alisema. "Ndiyo maana tunaufunga mlango."

Alikata simu. Alijua vizuri kuliko bintiye alichokifanya: Bi Bilqis hasahau, na mshenga asiyekutaka mjini hapa ni kama daktari asiyekutaka hospitalini. Hakutakuwa na wa kumi na sita. Walikaanga sambusa zile zote wakazila wawili, na baba yake Nayyara aliporudi kutoka dukani na kuuliza kulikoni, aliambiwa ale naye na aache maswali.

Jumatatu, jua likiwa kali kiasi cha kulainisha lami, Bi Sughra alifika chuoni peke yake. Hakuwahi kupanda bajaji peke yake hadi huko. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, uso umejaa jasho, akasema anataka kuitazama ile picha tena.

Nayyara alimwambia haina haja. Akamwambia majibu yake yalishafutwa, na kanuni haziruhusu, na Daktari yuko darasani. Mama yake alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti kigumu.

"Niwekee," alisema. "Nimekuwa nikijizoesha. Nyumbani natazama picha yako ya shahada, ile ya ukutani. Uso tu. Tangu Ijumaa."

Nayyara akaweka. Kwenye skrini yake ya pili aliona nukta ndogo, ambayo ndiyo jicho la mama yake, ikipanda usoni na kutulia kati ya nyusi. Bi Sughra alishika mikono ya kiti. Mishipa ya shingo ilimsimama kama mtu anayenyanyua gunia. Sekunde moja ilipita, na ya pili. Kisha nukta ikateleza chini upande wa kushoto, ikashtuka, ikapanda. Ikateleza tena. Ilikuwa kama mbuzi aliyezoea njia ya kisimani. Unamvuta kwingine anakufuata hatua mbili, kisha kwato zinarudi zenyewe. Alijitahidi, jamani. Mwanamke yule alijitahidi kwa nguvu zake zote, na mara nne jicho lilimshinda.

Picha ikatoka. Shingoni palikuwa pekundu vilevile. Usoni palikuwa na manjano hafifu, kama chai iliyomwagika na kufutwa. Ilikuwa zaidi ya mara ya kwanza, lakini si kitu cha kumwonyesha mtu aliyejizoesha siku tatu. Nayyara aliitazama, na hapo huzuni ikamfika yote kwa pamoja, ile ya mama yake nayo ikiwa juu ya yake. Alijua sasa kwamba mama yake anampenda kuliko alivyowahi kudhani. Alijua pia kwamba hatamwona.

Bi Sughra alikuwa akipapasa mkoba kutafuta miwani ya kusomea. "Nimeweza?" aliuliza.

Nayyara aligeuza skrini ikaelekea ukutani.

"Umeweza, mama."

"Uso?"

"Uso mtupu. Sekunde zote kumi."

Bi Sughra aliinamisha kichwa, akalia polepole, mabega yakipanda na kushuka, akimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Alipomaliza alipenga kamasi kwenye ncha ya mtandio na kuanza kuwa mchangamfu. Akasema watu wa leo wana mashine za ajabu. Akasema anaitaka hiyo picha, ichapishwe kwa rangi, aiweke kwenye fremu pale sebuleni karibu na ile ya shahada, na siku Bi Bilqis akipita aione.

"Wino umekwisha," Nayyara alisema.

"Wote?"

"Ule mwekundu, mama. Bila mwekundu haitoki vizuri."

Bi Sughra alifikiri, akakubali, chuo cha serikali hakikosi upungufu. Alisimama, akajifunga mtandio vizuri kwa ajili ya jua la nje.

"Basi wino ukija," alisema, "usinisahau." Nayyara akasema hatasahau, akampeleka hadi kwenye bajaji, kisha akarudi ndani kuifuta ile picha kabla Daktari hajatoka darasani.