Wino wa Tamima

Bi Mahfudha alitoka Unguja mwaka sabini na nne na masanduku mawili na picha moja, na watu wa Ibra, kule Omani alikohamia, walikuwa na maneno juu ya hiyo picha mpaka mtu unachoka. Kaja na ng'ombe kutoka Afrika, walisema, na ng'ombe wenyewe hawakamuliki. Waache waseme. Walimwona mwanamke mtu mzima, Mwomani kwenye karatasi, Mzinjibari kila akigeuka, Kiarabu hajui, basi wakapata pa kuchekea.

Picha ilikuwa ya rangi za mafuta, pana kama mlango wa kabati. Malisho mabichi, mto umejikunja, ng'ombe watano, wawili wamesimama majini. Aliichora Mmarekani mmoja, Haskell, akaandika jina lake pembeni na mwaka 1858. Huyo Haskell hakuwahi kukanyaga Unguja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mabonde ya kwao akichora mifugo ya watu, na moja katika picha zake ikapanda meli pamoja na majora ya nguo za merikani, nahodha akampa babu yake babu wa Bi Mahfudha kwa usuhuba wao wa karafuu. Watoto wa nyumba ile wote walikua wakidhani Marekani ni nchi ya ng'ombe watupu, maana Haskell hakuchora hata mtu mmoja.

Mtu alitiwa na Tamima.

Tamima alikuwa binti yake Bi Mahfudha, na mwisho wa mwaka sitini na tatu alikuwa na miaka sita. Kaka yake, Azzan, yuko Misri masomoni mwaka wa pili. Siku hiyo mtoto alipanda juu ya kiti na kalamu ya wino wa buluu, akachora kandoni mwa mto kijisichana, kichwa, gauni, mkono mmoja juu. Mama yake alipomfuma alimchapa kofi la shavu. Mtoto akasema, huku analia, "Huyu mimi, namngojea kaka."

Mwezi haukwisha, yakaja mapinduzi. Wamejifungia ndani, mtoto kashikwa na homa, dawa hakuna, kutoka hakutokeki. Siku ya tisa akafa. Vitu vya nyumba vilitupwa njiani vikatiwa moto, na albamu za picha zote zimo humo. Ng'ombe wa Haskell walibaki ukutani kwa kuwa hakuna aliyewataka.

Basi kijisichana kile cha wino, kirefu kama kidole gumba, ndicho kilichobaki cha Tamima duniani. Bi Mahfudha alikisalimia kila asubuhi miaka kumi na mbili. Hakupata kumwambia mtu nani alikichora, hata Azzan, kwa sababu angelieleza hilo ingebidi alieleze na kofi, na kofi lilimshinda.

Azzan sasa alikuwa mtu wa ofisi hapo Ibra, mshahara kila mwezi, Kiarabu kama maji. Alimpenda mama yake, hilo asimsingizie mtu. Mwaka sabini na sita alifanya urafiki na Ustadhi Mahrous, Mmisri aliyesomesha kuchora skuli ya wavulana. Ustadhi alipoiona picha alisogeza pua mpaka kwenye jina, akasema hii kazi ya mtu hasa, ya karne iliyopita, haramu kuiacha na masizi namna hii.

"Mama, Ustadhi atakuja Ijumaa kuisafisha," Azzan akasema.

"Ataipangusa vumbi?"

"Ataisafisha vizuri. Utaiona mpya."

Bi Mahfudha akaridhika. Vumbi la Ibra analijua, unapangusa asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako mezani.

Ijumaa ilipofika Ustadhi aliilaza picha juu ya meza, akatoa pamba na chupa ya tapentaini, akaanza juu, mbinguni. Pamba ikatoka nyeusi, mbingu ikatoka buluu. Bi Mahfudha alikaa mkekani karibu na mlango, na kweli alifurahi, hakuwahi kujua kwamba kuna mawingu. Tapentaini ikapungua, Azzan akatoka kwenda dukani kununua nyingine. Pamba ikashuka milimani, ikashuka malishoni, ikafika mtoni. Ustadhi akakiinamia kijisichana, akatikisa kichwa, akachovya pamba mpya.

Bi Mahfudha aliinuka na magoti yake mabovu, akanyoosha mkono.

"Tafadhali," akasema. "Tafadhali, Ustadhi. Tafadhali."

Na hapa ndipo ninapotaka kulia mimi. Kwetu neno hilo ni la kuomba, la kumshika mtu mkono asifanye. Kwa Mwarabu tafadhali ni karibu, haya, chukua, fanya utakavyo. Ndilo analokwambia mtu akikusogezea sahani ya halwa. Ustadhi alimwona mama wa watu kasimama, kamnyooshea mkono, anamkaribisha mara tatu. Akaweka mkono kifuani kwa adabu, akamshukuru, akafuta.

Mara mbili tu. Wino ulikaa juu ya rangi, haukuingia, ukatoka wote.

Azzan aliporudi Ustadhi alikuwa keshanawa, na mama yake yuko mbele ya picha. Azzan akamsindikiza mgeni, akarudi anacheka.

"Umeona ilivyong'ara? Na lile dude lililochafua pale mtoni, nilimwambia tangu mwanzo alitoe."

"Lile alikuwa Tamima."

"Nani?"

"Dada yako. Alijichora. Alisema anakungojea wewe urudi, nami nikampiga." Alilisema kwa hasira, ili limuume, na lilipomuuma alitamani alirudishe.

Azzan alikaa chini. Halafu akaenda jikoni, akapindua pipa la taka, akachambua pamba moja moja, za masizi, za kijani, mpaka akapata moja yenye doa la buluu. Akarudi nayo kiganjani. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, ndevu zimejaa, analia kama aliyefiwa leo, na kwake yeye ilikuwa leo.

"Nilimwacha ana miaka minne," akasema. "Simkumbuki tena. Nieleze, mama. Alikuwa na sura gani?"

Bi Mahfudha akafungua kinywa amweleze. Akamtafuta mtoto, macho, pua, meno yaliyokuwa yaking'oka mwaka ule. Akaona kichwa cha wino, gauni la wino, mkono mmoja juu. Akatafuta tena. Miaka kumi na mbili alikuwa akiangalia kile kijisichana akidhani anamkumbuka binti yake.

"Sijui, mwanangu," akasema.