Chinsaga Haziwi Sukuma

Katika jiko la Persis, kule Ekerenyo, Ukisii, kulikuwa na chungu kimoja ambacho hakikuazimwa na jirani yeyote. Alikirithi kwa mama mkwe wake, marehemu Bosibori, na kazi yake ilikuwa moja tu, kupikia chinsaga. Chinsaga ni mboga chungu za majani, ambazo wengine huziita mgagani, na uchungu wake haufukuzwi kwa moto mkali. Huchemshwa taratibu, zikatiwa maziwa, zikalala chunguni, kesho yake zikapashwa tena. Mwenye haraka huzila kama dawa.

Persis alipoolewa alikuwa na haraka. Wageni walikuwa wamekaa, naye alitaka wajue kwamba bi harusi ana mikono. Akazipika chinsaga jioni ile ile, akazipakua kwenye bakuli. Bosibori alionja jikoni. Alimtuma Persis mtoni akachote maji, na nyuma yake akazirudisha mboga chunguni, akamimina maziwa ya watoto. Persis aliporudi na mtungi kichwani alimsikia mama mkwe akiwaambia wageni, "Katika boma hili chinsaga huliwa kesho. Mke wa mwanangu analijua hilo, ndiyo maana amezilaza. Leo kuleni ndizi."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini jioni ile kuna mtu aliyeifungua kamba bila kumwonyesha yeyote. Persis hakuisahau. Uzeeni, baada ya kuwasimulia watoto wa shule ya Sabato hadithi nyingi, aliiandika hiyo pamoja na nyingine, na bi harusi akampa jina la Nyanchera. Loice, mke wa mwanawe, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alizipiga chapa zote kwa simu yake, akazituma kwa kampuni moja ya vitabu Nairobi. Kampuni ikakubali. Siku hiyo walikunywa chai yenye maziwa mengi kuliko kawaida.

Kisha Abner akapiga simu. Huyo ndiye mhariri aliyepewa kitabu chao, kijana mwenye sauti ya upole. Loice aliiweka simu mezani ili wote wasikie. Abner alisifu hadithi, akauliza hali ya mvua, na hatimaye akafika alikotumwa. Wakubwa wake walitaka chinsaga ziondolewe, ziwekwe sukuma wiki, kwa kuwa sukuma inajulikana nchi nzima. Mchoraji alikuwa ameshaichora.

Persis aliinamia simu.

"Sukuma ni chungu, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Basi Bosibori alimwaga maziwa ya nini?"

Abner alicheka. Kisha akaeleza jambo la pili, la mkataba. Persis akitia sahihi, hadithi zitakuwa mali ya kampuni, vitabuni, redioni na kwenye simu, na mtu atakayetaka kuzitumia ataomba ruhusa. Loice akauliza kama mama naye ataomba ruhusa kuwasomea watoto wa Sabato. Abner alijibu kwa taabu kwamba kwa mujibu wa mkataba, ndiyo.

Kabla ya kukata simu alishusha sauti, akasema sasa anazungumza kama mtoto wa Mosocho, huko huko Ukisii, ambaye mama yake naye ana chungu jikoni. Persis akikataa, hatamlaumu. Nukta na mikato alikuwa ameshazirekebisha, na kazi hiyo atamtumia hata asipotia sahihi. Persis aliuweka wema huo moyoni, lakini akasema hatatia sahihi.

Loice hakupendezwa. Alisema kwa heshima, huku akipangusa meza iliyokuwa safi tayari, kwamba kampuni ina magari na maduka, na kitabu kingefika shule ambazo wao hawazijui hata kwa jina. Watoto wangapi wangekisoma? "Na ni neno moja tu, Mama."

"Ukilitoa hilo neno, hakuna uchungu," Persis alisema. "Pasipo uchungu, mama yule hakufanya jambo lolote. Alikuwa mwanamke tu anayeharibu maziwa. Mimi nitakufa, Loice, na sina picha yake hata moja. Nina hadithi hii."

Loice aliacha kupangusa meza. Bonasi ya majani chai ya shamba lao ilipoingia, yeye ndiye aliyempeleka mama mkwe mjini Kisii, kwa Jethro, mpiga chapa wa kadi za harusi na ratiba za mazishi, ili wakichapishe kitabu wenyewe. Jethro alimvutia Persis kiti chake mwenyewe, akasimama yeye. Alimwambia ukweli, kwamba kuchapisha ni rahisi, kuuza ndiyo kazi, na kampuni zina malori ilhali mama ana kiondo. Persis alisema kiondo kinatosha kuanzia.

Vitabu vilipofika Ekerenyo, Loice alifungua kimoja kwenye ukurasa wa chungu, akaziba mdomo kwa kiganja. Kompyuta ya Jethro ina kimbelembele. Ilikutana na neno isilolijua, ikajisahihishia. Kwingine Jethro aliiwahi, lakini hapo ilimpita, na katika kila nakala iliandikwa kwamba Nyanchera aliinjika Chicago motoni.

Persis aliuliza Chicago ni mboga gani. Alipoambiwa ni mji wa Marekani, alicheka mpaka akatafuta leso. Mji mzima, alisema, na chungu chenyewe ni kidogo.

Jethro, kwenye simu, hakucheka. Alijilaumu kwamba hakurudia kusoma, akasema atavirudisha vyote na kuvichapa upya kwa hasara yake. Persis alimsikiliza hadi mwisho. Alikumbuka ule mtungi kichwani, na sauti aliyoikuta mlangoni.

"Hakuna kilichoharibika, mwanangu," alisema. "Kitabu chetu kimelala tu. Kitaliwa kesho."

Jumapili akawaita akina mama wa kanisa, kila mmoja aje na kalamu. Walijaa jikoni na uani, vitabu mapajani, wakiifuta Chicago kwa mstari na kuandika juu yake chinsaga. Mmoja aliandika herufi kubwa kama bango la mazishi. Mwingine herufi zilimpinda, na jirani yake akamchokoza kwamba aliyeunguza za kwake Krismasi hana budi kuliandika neno hilo taratibu, labda safari hii lisishike chini. Loice aliketi mkabala na mama mkwe wake, akaandika bila kuinua kichwa, kitabu baada ya kitabu, neno lile lile moja.

Abner aliposikia, aliomba nakala ya kumpelekea mama yake. Persis alipekua rundo lote, akachagua ile yenye mwandiko uliopinda kuliko zote, akaitia kwenye bahasha. Nyingine akazipanga kiondoni.

Sabato iliyofuata alisimama mbele ya watoto, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa chungu. Hakuomba ruhusa kwa mtu.